Baraza la Matofali ya Kuchoma Nyuma ya Nyumba, Kihesa: Shajara ya Mradi

Mwishoni mwa Mei

Mvua zimekata, na kwa Iringa hiyo ni kusema tuna miezi mitano hivi ya ardhi kavu mbele yetu. Kazi inaanza sasa: baraza la nje upande wa jikoni, mita 5.5 kwa mita 3.3, la matofali ya kuchoma ya humu humu Iringa, yaliyolazwa kwa nakshi ya mfupa wa samaki. Mahali penyewe leo ni udongo mwekundu. Masika unaganda kwenye viatu mpaka unaingia sebuleni. Kiangazi upepo wa Julai unaupeperushia vyombo vilivyoanikwa kichanjani.

Wageni wetu wengi wameuliza kwa nini tusiagize vile vitofali vya saruji vya mashine, ambavyo vinakuja vimelingana vyote. Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba tofali la kuchoma lililoiva vizuri halipungukiwi kitu kwa sakafu ya nje. Linaloliangusha ni haraka ya watu: wanalichukua kama lilivyoshushwa kwenye gari, refu kwa fupi, lililoiva kwa bichi, wanalipanga, na nakshi ikienda upande wanalaumu tofali. Nataka shajara hii ionyeshe zaidi kazi inayofanyika kabla ya kulaza, maana nina hakika baraza linapatikana au linapotea pale.

Nakshi tulijadiliana kwa muda. Mama mkwe, ambaye mikono yake haikai bila kikapu cha milulu, alitaka msuko wa kikapu: matofali mawili yamelala, mawili ya jirani yamesimama, yaani yamelazwa kukingama na hayo ya kwanza, hivyo hivyo mpaka mwisho. Unapendeza, na ukipima eneo vizuri hukati tofali hata moja. Udhaifu wake ni mistari mirefu iliyonyooka kati ya jozi na jozi. Tofali likisukumwa linateleza kufuata mstari. Kwenye mfupa wa samaki hakuna mstari unaopita moja kwa moja. Kila tofali limekingwa na ubavu wa mwenzake, kwa hiyo uzito wa pikipiki au pipa lililojaa maji unagawanyika kwa matofali mengi. Ndiyo maana nakshi hiyo hupendelewa hata mahali panapopita magari.

Tumeafikiana hivi: ukanda wa sentimita 44 kando ya ukuta, mahali pa vyungu vya maua ambapo hapapiti mtu, utakuwa msuko wa kikapu. Sehemu yote iliyobaki, mfupa wa samaki. Mama mkwe ameridhika, na ameshasema yeye ndiye atakayesimamia ukanda wake.

Mfupa wa samaki unaweza kulazwa kimshazari, nyuzi 45 na ukuta, au ukakaa mraba na ukuta. Kimshazari unavutia macho zaidi, lakini pembeni kote unadai pembetatu, na tofali la kuchoma lililochongwa ncha nyembamba humeguka. Tutalaza mraba. Hapo pembeni panahitaji nusu tu.

Juni, kwenye matanuru

Tumeshuka bondeni, upande wa Ruaha Mdogo, kutafuta matofali. Sikutaka kuagiza kwa simu. Tanuru si kitu kimoja. Ndani yake mna matofali ya namna tatu au nne. Yanapangwa mabichi, chini yanaachiwa matundu ya kuni, kisha tanuru zima linasiribwa tope kwa nje. Yaliyo karibu sana na matundu huungua mpaka yakapinda na kushikana, yakawa na weusi wa zambarau. Yaliyopakana na tope la nje hayapati joto la kutosha, na ukiyakwaruza kwa ukucha yanatoa unga. Udongo unahitaji nyuzi joto 900 hivi au zaidi ndipo uive kuwa tofali gumu la kuvumilia maji. Tunayoyataka sisi yako katikati, juu kidogo ya moto.

"Kamwene, mama," nilimsalimia mwenye tanuru. Nilimweleza kwamba ni ya kulaza chini, siyo ya ukuta. Hapo hapo akaelewa.

"Ya chini yanataka yaliyoiva," akasema. "Ngoja vijana watoe ya juu haya, utachukua ya katikati. Ila bei yake si ya hayo ya pembeni."

Nilikubali bila kuvutana. Nilimuuliza pia kuni anatoa wapi, akasema mabanzi ya misindano na mikaratusi ya kupandwa, yanakuja na magari kutoka upande wa Mufindi. Nilitaka kulijua hilo kabla ya kulipa. Matofali yaliyochomwa kwa miti ya asili ya bondeni nisingeyaleta nyumbani.

Tuliyajaribu palepale. Unagonganisha mawili: lililoiva linalia kama chuma, bichi linatoa sauti ya mbao mbovu. Unalikwaruza kwa msumari. Ukiacha mfereji, weka pembeni. Unaliachia kutoka usawa wa kiuno lidondokee udongo mgumu. Likikatika vipande viwili, halifai kukanyagwa. Jaribio la nne tulilifanyia nyumbani kwa mizani ya jikoni. Tofali kavu la katikati ya tanuru lilikuwa na kilo 2.6. Baada ya kulala ndani ya ndoo ya maji lilifika kilo 3.0, maana yake limekunywa maji asilimia 15 ya uzito wake. Nililipitisha. Tofali la pembeni tulilolichukua kwa ajili ya kulinganisha lilitoka kilo 2.5 hadi 3.1, asilimia 24, na maji ya ndoo yakawa mekundu. Tofauti hiyo inatosha kueleza kwa nini sakafu moja inakaa miaka na nyingine inaliwa na masika mawili.

Kihesa hakuna jalidi ya kupasua tofali kama ile ya Kitulo kunakoganda asubuhi za Juni. Adui wa hapa ni kulowa na kukauka, na miguu ya viti.

Tumenunua 1,300. Hesabu ya eneo ni 750, na ukingo unataka zaidi ya mia. Yaliyobaki ni ya kuchambua.

Juni, kuchambua

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo moyo wa kazi ulipo.

Tofali la kuchoma linafinyangwa kwa kibao, linaanikwa, linachomwa, na kila hatua linanywea. Wafinyangaji wawili wenye vibao viwili, udongo wa asubuhi na wa jioni, jua la upande mmoja, moto wa upande mwingine: huwezi kutegemea yalingane. Yetu yana urefu wa kuanzia sentimita 20.8 hadi 22.4, na upana kuanzia 10.1 hadi 11.1. Kwenye ukuta tofauti hiyo inamezwa na udongo wa saruji. Kwenye mfupa wa samaki haimezwi, inajumlika. Tofali moja refu linamsukuma mwenzake, huyo anamsukuma wa tatu, na ukifika mita ya pili mstari umeshahama.

Nakshi zote mbili zina sharti moja: matofali mawili yaliyosimama bega kwa bega, pamoja na pengo la kati yao, lazima yalingane na urefu wa tofali moja lililolala. Kijana wetu wa kidato cha pili aliandika kwenye ukuta wa stoo kwa chaki: pengo ni urefu, toa upana mara mbili. Tofali la 21.5 kwa 10.5 linatoa nusu sentimita. Pengo la nusu sentimita linafaa sana kujazwa mchanga. Tofali la 22.4 kwa 10.3 linadai pengo la sentimita 1.8, na pengo la namna hiyo mvua ya kwanza inalikomba. La 20.8 kwa 10.6 linatoa jawabu hasi, yaani haliwezi kuingia kabisa. Basi tukajua tunatafuta nini.

Baba watoto alitengeneza kipimo cha ubao. Ni kipande cha ubao wa mkaratusi chenye vijiti vilivyogongomelewa: nafasi moja ya sentimita 21.3 na nyingine ya 21.7 kwa urefu; 10.3 na 10.6 kwa upana. Tofali linaloingia nafasi kubwa na kukataa ndogo, kwa urefu na kwa upana, ni la kundi la kati. Hakuna kusoma tepu, hakuna kubishana. Hata watoto wa jirani waliokuja kutazama waliweza kuchambua, nasi tukawapa chai na viazi vitamu.

Tumepata kundi la kati zaidi ya 800. Marefu yamekwenda rundo la ukingo, ambako urefu hausumbui. Mafupi hayakutupwa: hayo ndiyo yatakayokatwa nusu, kwa sababu tofali la sentimita 20.8 ukiondoa unene wa jiwe la grainda linakupa nusu mbili za 10.2 au 10.3, na hizo zinakaa vizuri kwenye kijumba cha sentimita 11, yaani nafasi ya nusu tofali na pengo lake. Yaliyopinda na yenye ufa ni ya kuvunja na kujazia chini.

Ndiyo maana eneo letu ni mita 5.5 kwa 3.3. Kila tofali na pengo lake linachukua 22 kwa 11. Ukigawa mita 5.5 kwa sentimita 11 unapata 50 kamili, na 3.3 kwa 11 unapata 30. Pima baraza kwa kufuata tofali ulilonalo. Kumlazimisha fundi akate vipande vya vidole viwili ukutani ni kumwonea.

Fundi wetu, mzee aliyejenga nyumba nyingi za mtaa huu, alikuja jioni akakuta marundo manne. Aliyazunguka, akachukua matofali sita ya kundi la kati, akayapanga juu ya ubao, akayatazama kwa jicho moja. "Mama, hii mmefanya kazi ya siku zangu nyingi," akasema. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Juni, vigingi na kuchimba

Kona tumezipata kwa 3, 4 na 5: mita tatu kwenye upande mfupi, mita nne kwenye ukuta, na mshazari ukisoma mita tano kona ni mraba. Kisha tukapima mishazari ya eneo zima kutoka kona hadi kona, yote miwili ikasoma mita 6.41.

Usawa tumeuhamisha kwa mpira wa maji. Ni mpira mwembamba unaopitisha mwanga, umejazwa maji. Maji ya ncha mbili hukaa usawa mmoja hata kama kati yake kuna ukuta. Fundi anasisitiza hewa itoke yote, maana povu dogo tu katikati linadanganya usawa. Kutoka ukutani hadi ukingo wa mbali tunateremka sentimita mbili kwa kila mita, jumla 6.6. Ni mteremko ambao mguu hausikii lakini maji yanausikia. Juu kabisa, pale ukutani, sakafu inabaki chini ya nailoni ya kuzuia unyevu iliyo ndani ya ukuta kwa sentimita 15, ili matone yanayoruka yasilowanishe ukuta.

Shimo ni sentimita 20: kumi za moramu, tatu za mchanga, saba za tofali. Udongo wa Kihesa ukikauka sururu inadunda, kwa hiyo tuliumwagia maji jioni na kuchimba asubuhi. Udongo uliotoka umekwenda kuinua bustani ya mchicha.

Upande wa mashariki umetokea mzizi wa mparachichi, mnene kama mkono wa mtu mzima. Fundi alinyanyua shoka, nikamwomba asubiri. Mti ule unatupa kivuli na matunda, na mzizi wa ukubwa huo ukikatwa karibu na shina mti unaweza kudhoofika, na ukiachwa chini ya matofali utayainua. Tumelihamisha baraza lote kuelekea magharibi mpaka tukaupisha. Vigingi viling'olewa na kupimwa upya, na hakuna aliyelalamika.

Mwanzo wa Julai, moramu

Baridi ni kali na upepo haupumziki. Moramu imekuja kwa guta. Tumeimwaga kwa tabaka mbili za sentimita tano, kila tabaka imenyunyiziwa maji kidogo na kushindiliwa kwa gogo lenye mishikio miwili. Tabaka moja nene haishindiliki: juu inakuwa ngumu, chini inabaki tifutifu.

Kando ya msingi wa nyumba ardhi ilikuwa laini, kwa sababu pale ndipo palipochimbwa wakati wa kujenga na kufukiwa. Tumechimba zaidi na kujaza matofali yaliyovunjwa, tukayashindilia kabla ya moramu. Kipimo cha fundi ni kipande cha nondo: anakisukuma kwa mkono mmoja, kikizama anarudisha watu kwenye gogo. Mteremko unawekwa hapa hapa kwenye moramu. Ukitegemea kuutengeneza kwa mchanga, utakuwa na mchanga mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine, na mnene utazama.

Julai, ukingo, na mjadala wa saruji

Fundi alitaka baraza zima lijengwe kwa udongo wa saruji: jamvi chini, na saruji kwenye kila pengo. Amezoea hivyo, na kazi zake zimesimama. Tulikaa naye kwenye mabenchi, tukanywa chai, tukazungumza kwa kirefu.

Hoja yangu ilikuwa hii. Ardhi inapanda na kushuka kidogo kila masika na kiangazi. Sakafu ya mchanga inafuata. Ya saruji inapasuka. Saruji ya pengo ikiwa ngumu kuliko tofali, msukumo ukija ni tofali linalomeguka kingo, na unabaki na mistari ya saruji iliyoinuka na matofali yaliyoliwa. Tena maji yaliyonaswa chini ya saruji yanapanda kupitia tofali na kuacha chumvi nyeupe juu. Na bomba la maji likivuja chini, mchanga unakuruhusu kunyanyua matofali na kuyarudisha yale yale.

Hoja yake ilikuwa nayo ya kweli: "Mama, mchanga usipofungwa pembeni unatembea. Utaona mwenyewe matofali yanafunguka." Hapo alikuwa na haki yote. Nakshi ya mchanga haina nguvu yoyote bila ukingo usiosogea. Kwa hiyo ukingo ni wa saruji: matofali marefu yamelazwa kichwa nje, juu ya zege, kwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga minne, yakiwa yamelowekwa kwanza ili yasinyonye maji ya saruji kabla haijashika. Tumeyafunika magunia yenye unyevu kwa wiki nzima, maana upepo wa mwezi huu unakausha haraka.

Fundi alitufundisha jambo la maana: usijenge ukingo wa pande zote kabla ya kulaza. Ukuta wa nyumba ni upande mmoja, ukingo wa magharibi wa pili. Pande mbili zilizobaki zinasubiri, ili matofali yakivuka au yakipungua kwa nusu sentimita ukingo uyafuate.

Julai, kulaza

Mchanga wa kutandika ni ule mkavu wenye chembe za kukwaruza mkono. Ule laini unaoteleza kwenye vidole unashika maji na kuhama. Mabomba mawili ya inchi moja yamelazwa juu ya moramu kama reli, mchanga umemwagwa kati yake, na ubao ulionyooka umevutwa juu ya mabomba. Bomba hilo lina unene wa sentimita tatu na kitu kwa nje, na tofali likigongwa mchanga unashuka hadi sentimita tatu. Kisha mabomba yanatolewa na mifereji yake inajazwa kwa mwiko. Baada ya hapo hakuna mguu unaogusa mchanga. Anayelaza anapiga magoti juu ya matofali yaliyokwisha kulazwa, kwenye kipande cha banzi, na kusonga mbele.

Ukanda wa mama mkwe umetangulia. Alikaa kwenye kiti chake na kutaja: lala, lala, simama, simama. Jozi 50, matofali 100, hakuna lililokatwa. Uzi ulipovutwa kwenye mwisho wa ukanda tofauti haikuzidi unene wa kibiriti.

Mfupa wa samaki umeanzia kona ya magharibi. Tofali la kwanza linalala kufuata ukuta, la pili linasimama mgongoni mwake, la tatu linalala likiegemea ubavu wa la pili, na ngazi inaanza kushuka. Mwanzoni jicho linapotea, hasa pembeni, ambako nafasi za nusu zinaachwa wazi zijazwe baadaye. Dawa ni nyuzi. Tumefunga uzi kila mita 1.1, yaani kila baada ya vijumba kumi, kwa urefu na kwa upana. Ukifika kwenye uzi unajua kama umevuka, na unarekebisha kwa kubana au kuachia mapengo ya matofali yanayofuata. Kosa la milimita tatu kwenye uzi ni rahisi. Likifika mita tatu halirekebishiki.

Jambo lingine ni rangi. Matofali ya tanuru moja yanatoka rangi ya machungwa hadi wekundu wa damu ya mzee. Kijana alikuwa akichota kutoka marundo matatu ya kundi la kati kwa zamu, asimalize rundo moja kabla ya kugusa jingine. Kwa njia hiyo rangi zimetawanyika sakafu nzima. Ukichota rundo kwa rundo utapata mabaka.

Kila tofali linashushwa kutoka juu, siyo kuburuzwa, maana likiburuzwa linasukuma mchanga kwenye pengo. Nyundo ya mpira inapiga mara mbili tatu, pima maji inawekwa juu ya matofali manne. La unene mkubwa, unakwangua mchanga kidogo chini yake, jembamba, unaongeza. Fundi analaza, mimi nakagua nyuzi, baba watoto na kijana wanaleta. Nimegundua napenda kazi hii kwa moyo wangu wote. Kila jioni nikisimama mlangoni naiona nakshi imesogea.

Mwanzo wa Agosti, nusu za pembeni na mchanga wa mapengo

Nusu zimekatwa kwa grainda, tofali likiwa limelowekwa, mkataji amevaa miwani na barakoa. Vumbi kavu la tofali lina chembe zinazoharibu mapafu, na nimeona mafundi wengi wakikata ndani ya wingu bila hata kitambaa. Fundi wetu kwanza alisema hajazoea barakoa; nilimwomba kama baba yangu, akavaa. Nusu zimeingia, ukingo wa pande mbili umefungwa, magunia yakarudi.

Mashine ya kushindilia hatukukodi. Tofali la mkono halina nyuso zilizonyooka kama la kiwandani, na mtetemo ule ungeyapasua yaliyokaa juu ya chembe moja. Tumetandika mkeka mkuukuu, juu yake ubao mpana, na kugonga kwa gogo kwa utaratibu kutoka pembeni kuelekea katikati.

Mchanga wa mapengo ni mwembamba, umechekechwa na kuanikwa juu ya turubai mpaka ukakauka kabisa. Ukiwa na unyevu unaziba mdomo wa pengo na chini kunabaki patupu. Tumeufagia kimshazari, tukagonga, tukafagia tena, tukaacha usiku upite na kufagia upya. Mapengo ya milimita 5 yananywa mchanga mwingi kuliko unavyodhani.

Gata imefungwa kwenye paa la upande huo na kupelekwa kwenye tangi. Paa letu limetokeza sentimita 60, na bila gata matone yangechimba mstari mmoja wa mapengo kila mvua, nje kidogo tu ya ukanda wa mama mkwe.

Mwisho wa Novemba, baada ya mvua ya kwanza

Mvua imekuja usiku, ya nguvu, na ngurumo zake. Asubuhi nilitoka na mwavuli kabla ya chai. Maji yalikuwa yameshateremka ukingoni na kuingia bustanini. Matofali yana unyevu, hakuna dimbwi. Mchanga wa mapengo umeshuka kama nusu sentimita mahali pengi, jambo lililotegemewa. Tumeufagia tena ulipokauka.

Mahali pamoja, karibu na pale ardhi ilipokuwa laini kando ya msingi, matofali matatu yamezama kwa unene wa sarafu mbili. Nilimpigia fundi. Amekuja na bisibisi mbili bapa, akachokonoa mchanga wa mapengo, akalinyanyua la kwanza kama mtu anayetoa kitabu kilichobanwa; mengine mawili yalifuata. Akaongeza mchanga chini, akaushindilia kwa ubapa wa mwiko, akayarudisha yale yale matatu, akafagia. Chai aliyokuwa ameacha kwenye benchi ilikuwa bado ya moto.

"Kwa saruji ningekuwa na tindo hapa mpaka kesho," akasema.

Matofali 50 na kitu ya kundi la kati yamebaki. Nimeyapanga chini ya paa la banda la kuku, pamoja na kipimo cha ubao, kwa ajili ya matengenezo. Kazi inayofuata ni ngazi mbili za mlango wa jikoni, na mama mwenye tanuru ameshaahidi kutuwekea ya katikati mvua zitakapokata.